Vitundu vya shaba na maji yanayochemka: vinasaidia wapi, na kwa nini havipunguzi makala ya mbabula

Bei ya makala ikipanda Lubumbashi, mazungumzo ya sufuria yanaanza tena. Huyu anasema sufuria nyepesi ya aluminiamu inachemsha haraka, mwingine anasema ile nzito ya zamani, mwingine anaapa kwamba sufuria yenye mikwaruzo ndani inashinda ile inayong'aa. Na yupo kila wakati mutu mumoja wa kuuliza swali la maana: mji huu unakaa juu ya shaba, na shaba inapitisha joto kuliko karibu vyuma vyote, kwa nini basi bamama wanaendelea kuteketeza mfuko wa makala kwa sababu ya maji ya bukari?

Katika maneno hayo kuna ukweli na kuna makosa, na yote mawili yanastahili kuelezwa. Ni kweli kwamba uso wa chuma unabadilisha namna maji yanavyochemka. Wataalamu wanaufanyia kazi jambo hilo kwa karibu miaka mia, na leo kuna viwanda vinavyotengeneza nyuso zenye vitundu vidogo kwa kusudi hilo tu, nyingi zikiwa za shaba. Lakini faida yake haiko pale ambapo mama wa Katuba anaitafuta. Ili kuona kwa nini, lazima kuanza na sufuria yenyewe.

Kiputo kinazaliwa wapi

Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku juu uzito wa hewa ni mdogo kuliko Dar es Salaam au Muanda, kwa hiyo maji hapa yanachemka yakifika nyuzi 96 hivi za Selsiasi, hayangoji 100. Hiyo ndiyo sababu moja ya maharagi kuchukua muda mrefu, na itarudi hapo chini.

Weka sufuria ya maji motoni na utazame bila haraka. Viputo vya kwanza, vile vidogo vinavyoshika pembeni, si mvuke bado. Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Baadaye sufuria inaanza kuimba. Ile sauti inatoka kwa viputo vya mvuke vinavyozaliwa chini, vinapanda kidogo, vinakuta maji ya juu bado hayajapata moto, vinapasuka na kufa. Maji yote yakishapata moto, sauti inapungua na mchemko wenyewe unaanza: viputo vinapanda mpaka juu.

Sasa tazama vinatoka wapi. Havitoki kila mahali. Kuna pointi moja hapa, nyingine kule, na kila pointi inatoa viputo mfululizo, kimoja nyuma ya kingine, sawa vile shanga kwenye uzi. Ukimwaga maji, ukaweka mengine, mara nyingi pointi zinabaki zilezile. Pale kuna mkwaruzo au kitundu ambacho jicho halikioni, na ndani ya kitundu kumebaki kipande kidogo cha hewa au mvuke ambacho maji hayakuweza kukifukuza. Kiputo kipya kinaanzia juu ya hicho.

Bila kitundu, kazi ni ngumu sana. Kiputo ni sawa na mpira mdogo: maji yanakibana pande zote, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyobanwa zaidi. Hesabu yake inajulikana. Kitundu chenye nusu-kipenyo cha mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kinadai chuma kiwe na moto kupita maji yanayochemka kwa nyuzi zaidi ya 20 kabla ya kiputo kutoka. Kitundu cha mikromita 10 kinadai nyuzi 3 hivi. Cha mikromita 100 hakidai hata nusu nyuzi, ila kitundu kikubwa hivyo maji yanaingia kwa urahisi na kufukuza mvuke wote, na hapo hakina faida tena. Kwa kulinganisha, unywele wa mtu una upana wa mikromita 70 hivi. Kitundu kizuri kwa maji basi ni chembamba kuliko unywele, lakini si chembamba mno.

Wanafunzi wa kemia wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Chupa ya kioo ni laini sana ndani, haina vitundu vya kutosha. Maji yanaweza kupita joto la kuchemka yakiwa yametulia kabisa, kisha yakaruka kwa ghafla na kumchoma mtu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha moto wanatupa ndani vipande vya kauri yenye vitundu. Vipande hivyo havileti joto lolote. Vinaleta tu mahali pa kiputo kuzaliwa.

Kikomo ambacho chuma hakipiti salama

Mwaka 1934 Mjapani Shiro Nukiyama alichapisha kazi aliyofanya kwa vitu vyepesi tu: maji na waya mwembamba unaopitishwa umeme. Aliongeza umeme kidogokidogo na kupima joto la waya. Mwanzo, joto la waya lilipanda taratibu wakati viputo vinaongezeka. Waya uliweza kutoa joto jingi sana ukiwa na nyuzi chache tu juu ya maji. Halafu akafika kwenye kikomo. Akiongeza umeme kidogo tu, waya unaruka kwa mara moja kwenye mamia ya nyuzi, na ule wa chuma dhaifu unayeyuka.

Kilichotokea ni kwamba viputo vilikuwa vingi mpaka vikashikana. Maji hayakupata tena njia ya kufika kwenye chuma. Waya ukabaki umefunikwa na blanketi ya mvuke, na mvuke unapitisha joto vibaya sana. Joto likakosa mahali pa kwenda, likabaki ndani ya chuma.

Blanketi hiyo kila mtu ameiona nyumbani. Dondosha tone la maji juu ya chuma chenye moto sana: halikauki palepale, linakimbia huku na huku sawa vile gololi. Liko juu ya mto wa mvuke wake mwenyewe. Daktari Mjerumani Johann Gottlob Leidenfrost aliliandika jambo hilo katika kitabu cha mwaka 1756, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Wafanyakazi wa tanuru za shaba wana sababu nyingine ya kuliheshimu: maji yakinaswa chini ya shaba iliyoyeyuka, blanketi ikivunjika, mvuke unazaliwa wote kwa mara moja, na huo ni mlipuko.

Kwa maji ya kawaida, kwenye uso laini ulio wazi, kikomo kiko karibu na wati 100 kwa kila sentimita ya mraba. Ni joto jingi. Mhandisi wa boila, wa kinu cha nyuklia au wa kompyuta kubwa analala akifikiria namba hiyo, kwa sababu akiipita mtambo wake unaungua.

Basi kuna maswali mawili tofauti, na watu wengi wanayachanganya. La kwanza: namna gani kufanya viputo vianze mapema, chuma kikiwa na nyuzi chache tu juu ya maji? La pili: namna gani kusukuma kile kikomo kiende mbali? Uso wenye vitundu unaweza kusaidia kwa yote mawili, lakini kwa sababu zisizofanana.

Kutoka mkwaruzo mpaka unga wa shaba

Wazo la kwanza lilikuwa lile la sokoni: kukwaruza. Mwaka 1931 Wajerumani Max Jakob na W. Fritz walipima maji yanayochemka juu ya chuma laini na juu ya chuma kilichochorwa mistari. Chuma chenye mistari kilishinda kabisa mwanzoni. Lakini baada ya muda wa kuchemsha, faida ilififia na chuma kikarudi karibu na kile laini. Hewa iliyokuwa imejificha ndani ya mistari ilikuwa imeondoka, na mistari iliyo wazi haikuweza kushika mvuke badala yake. Hapo njo jibu kwa anayekwaruza sufuria yake kwa msumari: inaweza kuonekana inafanya kazi siku ya kwanza.

Ilichukua miaka zaidi ya thelathini kupata dawa. Kitundu kinachodumu hakitakiwi kuwa wazi sawa na mfereji. Kinatakiwa kuwa na tumbo pana na mdomo mwembamba, sawa na mtungi, ili kiputo kikiondoka mvuke kidogo ubaki ndani ya kuanzisha kingine. Na vitundu viwe vimeunganishwa chini kwa chini, ili kimoja kikizimika kiwashwe na jirani yake.

Mwaka 1968 Robert Milton, wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani, alipata hataza ya uso wa namna hiyo. Hakuchonga chochote. Alichukua unga wa chuma, akaupaka juu ya bomba, akauchoma mpaka punje zikashikana. Kati ya punje kunabaki maelfu ya mapango madogo yanayowasiliana. Mabomba hayo yaliuzwa kwa jina la High Flux na yaliingia kwenye viwanda vya gesi na petroli. Uwezo wa kupitisha joto kwenye upande unaochemka ulipanda karibu mara kumi kuliko bomba laini. Wajapani wa Hitachi na Wajerumani wa Wieland walichukua njia nyingine: kuchonga mapezi membamba juu ya bomba la shaba kisha kuyakunja ili yafunike mfereji na kuacha midomo midogo tu. Mabomba ya aina hizo mbili yamo leo ndani ya mashine kubwa za kupoza majengo na ghala.

Namna ya kuchoma unga inafaa kuelezwa, kwa sababu ni kazi ambayo mtu wa Katanga angeielewa haraka. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085. Ukiupeleka unga wake kwenye nyuzi 800 au 900 na kuuacha hapo, hauyeyuki, lakini punje zinaanza kushikana pale zinapogusana, sawa vile chumvi iliyopata unyevu inavyokuwa bonge bila kuwa maji. Tanuru inatakiwa isiwe na oksijeni, la sivyo shaba inakuwa nyeusi na haishiki vizuri. Mafundi hutumia gesi yenye hidrojeni. Ukitaka vitundu vikubwa, unachagua punje kubwa. Ukitaka vidogo, punje ndogo. Unene wa tabaka zima mara nyingi ni chini ya milimita moja.

Hiyo ni kwa swali la kwanza. Kwa swali la pili, la kikomo, vitundu vinafanya kazi ya utambi. Taa ya petroli inapandisha mafuta bila pampu kwa sababu nafasi nyembamba kati ya nyuzi za utambi zinayavuta. Tabaka ya shaba yenye vitundu inavuta maji vilevile, inayapeleka kando kando mpaka pale ambapo chuma kinataka kukauka. Kasoro ni kwamba vitundu vidogo vinavuta kwa nguvu lakini maji yanapita ndani yake kwa shida, tena mvuke unaotoka unagombana njia na maji yanayoingia. Ni kama mlango mmoja wa soko ambapo wanaotoka na mizigo na wanaoingia wanasukumana.

Mwaka 2001 Scott Liter na Massoud Kaviany, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walitoa jibu zuri kwa mgogoro huo. Walipanga punje za shaba, si kama tabaka sawa, bali kama vilima vidogo vyenye mabonde katikati. Maji yanapanda ndani ya vilima, mvuke unatoka kwa mabonde. Walipojaribu na pentani, ambayo ni kimiminika chepesi cha jamii ya petroli, kikomo kilipanda mpaka karibu mara tatu ya uso laini.

Tangu hapo kazi imeenda kwenye udogo zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Rensselaer, katika jimbo la New York, walipandisha juu ya shaba vijiti vya shaba vyembamba kupita kiasi, na pointi za kuzalia viputo zikawa mara 30 zaidi. Mwaka 2022 kundi la Youngsup Song na Evelyn Wang, wa chuo cha MIT, lilitoa uso wenye ngazi tatu: vitundu vya mikromita 10 hivi vilivyoachana kwa milimita 2 ili viputo visishikane, kila kimoja juu ya kijiguzo chake, na juu ya yote manyoya madogo sana ya kuvuta maji. Ile namba ya mikromita 10 imerudi, na si kwa bahati. Hata hivyo hizo ni kazi za maabara, kwenye vipande vidogo vilivyotengenezwa kwa vyombo vya bei kali. Bomba la Milton linatoka kiwandani kwa mita na mita.

Shaba inaondoka sahani, inarudi utambi

Sababu ya shaba kuonekana kila mahali katika hadithi hii ni rahisi. Inapitisha joto karibu mara moja na nusu hadi mbili kuliko aluminiamu na mara 25 hivi kuliko chuma cha pua, haigombani na maji safi, na unga wake unashikana vizuri motoni. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba ya kwanza hapa mwaka 1911, mji ukiwa na mwaka mmoja tu na jina la Élisabethville. Leo Congo ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Lakini kwa sehemu kubwa mukuba huu unapita Kasumbalesa kama sahani za kathodi juu ya malori. Kusaga, kuchuja punje kwa ukubwa, kuchoma kwa hidrojeni, kufunga ndani ya bomba: hiyo kazi inafanywa mbali, na thamani inabaki huko.

Inarudi, ila kwa sura nyingine. Fundi anayefungua laptop ya zamani hapa mjini anakuta bomba la shaba lililobanwa, jembamba, linalotoka kwenye kichwa cha mashine na kwenda kwenye feni. Wengi wanadhani ni fimbo ya shaba tupu. Kumbe ndani ni wazi, limefungwa pande zote, hewa imetolewa, na kuna maji kidogo sana. Ukutani mwake kuna tabaka ya unga wa shaba uliochomwa, uleule wa vitundu. Mengine yana wavu au mifereji badala yake. Kwa sababu hewa imetolewa, maji yale yanachemka hata kwenye nyuzi 40 au 50. Mvuke unakimbia upande wa feni, unakuwa maji tena, na utambi wa shaba unayarudisha kwenye joto. Hakuna pampu, hakuna kitu kinachozunguka. George Grover wa maabara ya Los Alamos alionyesha bomba la namna hiyo mwaka 1963. Mhandisi wa General Motors aitwaye Gaugler alikuwa na wazo hilo tangu miaka ya 1940, lakini halikufuatwa. Fundi akikata bomba hilo kwa msumeno, utambi unaonekana: rangi ya waridi, unakwaruza kidole sawa na msasa laini.

Redio nayo ina sehemu yake. Kabla ya transista, mitambo mikubwa ya kurushia matangazo ilitumia taa za umeme zilizopata moto wa kutisha. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Charles Beurtheret, wa kampuni ya Thomson-Houston, alizamisha taa hizo ndani ya maji na kuacha maji yachemke juu yake. Aliipa shaba ya nje meno manene, sawa na meno ya gia. Shina la jino liliweza kuwa na moto kupita kikomo, huku ncha yake ikibaki chini ya kikomo, na kwa pamoja uso haukuungua. Aliita taa hiyo Vapotron. Hayakuwa matundu bali meno, lakini fikra ni ileile: si lazima uongeze maji, panga uso. Mitambo midogo ya FM ya siku hizi haihitaji yote hayo, feni inatosha.

Hesabu ya mbabula

Sasa turudi kwenye makala. Chukua lita tano za maji kwenye nyuzi 20. Kuyafikisha 96 kunadai nishati ya megajuli 1.6 hivi. Kilo moja ya makala mazuri ina megajuli karibu 30. Mbabula ya kawaida inapeleka ndani ya sufuria sehemu moja tu ya tano hivi ya joto lake. Nyingine inaenda hewani, kwenye bati na kwenye majivu. Ukifanya hesabu, unapata robo kilo ya makala, na kidogo juu.

Kama maji hayo yamechukua nusu saa kwenye sufuria yenye chini ya sentimita 25, joto lililopita ni wati 2 tu hivi kwa sentimita ya mraba. Kumbuka kikomo: 100. Moto wa makala uko mbali sana na hapo, haujawahi kuleta blanketi ya mvuke ndani ya sufuria ya bukari. Swali la pili, la kusukuma kikomo, halihusu jikoni hata kidogo.

Limebaki la kwanza. Kwa joto dogo hivyo, chini ya sufuria ya kawaida iko nyuzi chache tu juu ya maji, tuseme 7. Mpe mama sufuria yenye tabaka bora ya shaba, zile nyuzi 7 ziwe 1. Amepata nyuzi 6. Lakini makala yanayowaka mekundu yako kwenye nyuzi mia saba, mia nane au zaidi. Joto linasafiri kutoka 800 mpaka 96, na karibu ugumu wote wa safari uko upande wa nje: kutoka kwenye makala, kupitia hewa, kupitia masizi, mpaka kwenye bati ya sufuria. Nyuzi 6 katika mia saba ni chini ya asilimia moja. Malori yakiwa na foleni ya siku tatu Kasumbalesa, kupanua avenue ndani ya mji hakuyafikishi mapema.

Hata birika la umeme linafuata sheria hiyo. Umeme wake wote unaingia kwenye maji kwa hali yoyote. Uso wenye vitundu ungefanya tu chuma kiwe baridi kidogo. Kiasi cha joto cha kuchemsha lita moja hakibadiliki kwa kubadilisha uso. Kinachobadilika ni tofauti ya nyuzi kati ya chuma na maji, na faida inakuja pale tu tofauti hiyo inapolipiwa. Kwenye mashine ya kupoza inalipiwa kweli: kila nyuzi moja inayookolewa pale dawa ya baridi inapochemka inapunguza umeme wa mashine kwa asilimia 2 au 3. Kwa chumba cha samaki waliogandishwa, chenye kutumia umeme wa SNEL au jenereta mchana na usiku, hizo si pesa ndogo.

Kwa mbabula, pesa ziko mahali pengine, na hesabu ileile inaonyesha wapi. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunadai megajuli 2.3 hivi, yaani mara saba ya kuileta lita hiyo kutoka baridi mpaka mchemko. Kwa mbabula yetu ya sehemu moja ya tano, lita moja iliyoachwa iende hewani bila kifuniko imekula makala gramu 380 hivi: kuliko yale yaliyochemsha lita zote tano. Na mvuke huo haukuivisha kitu. Maji yanayochemka kwa fujo na yale yanayochemka kwa upole yako kwenye nyuzi 96 zilezile. Maharagi hayajui tofauti. Kifuniko, na kupunguza makala mara mchemko unapoanza, vinashinda uso wowote wa MIT.

Kwa maharagi yenyewe kinachokosekana si joto jingi bali nyuzi. Sufuria ya presha inafunga mvuke ndani mpaka maji yanapita 110, hata karibu 118, na hapo saa zinapungua kweli. Upande wa nje kuna kazi pia: kuziba upepo, kusogeza sufuria karibu na makala, mbabula yenye udongo ndani badala ya bati tupu. Ni mambo yasiyo na sifa ya maabara, lakini msitu wa miombo umerudi nyuma kabisa kuzunguka Lubumbashi, na baiskeli za makala zinazoingia kwa barabara ya Kasenga au ya Likasi zinatoka mbali mwaka hadi mwaka.

Adui wa vitundu

Kuna sababu moja ya mwisho ya sufuria kubaki laini. Maji yanayotoka kwenye mawe ya dolomia, na Katanga ina mengi, yanaacha ukoko mweupe kila yanapochemka. Kiputo kinapoondoka, chumvi zinabaki palepale kilipozaliwa, maana hapo njo maji yanageuka mvuke. Kwenye sufuria laini ukoko unapanguswa. Kwenye tabaka yenye vitundu vya mikromita 10 unaingia ndani na kuziba, na hakuna brashi inayofika. Unga wa bukari, mafuta ya mawese na chumvi ya kupikia vingemaliza kazi kwa wiki moja. Ndiyo maana nyuso hizi zinaishi ndani ya vyombo vilivyofungwa, kwenye dawa za baridi, gesi safi au maji yaliyosafishwa kabisa.

Shaba tupu kwenye chakula nayo ina kasoro yake: vitu vichachu kama nyanya, limau au ngai-ngai vinaitoa shaba na kuiingiza kwenye mboga, na shaba nyingi tumboni inatapisha. Sufuria za shaba za mapishi hupakwa bati, ile ambayo Manono inachimba, upande wa ndani. Birika lenye ukoko mweupe, kwa upande wake, linasafishwa kwa maji na siki au limau yaliyochemshwa na kuachwa usiku mmoja. Ukoko mnene unazuia joto kidogo, na kwa birika la umeme unachosha pia waya wa ndani.